Kipimo cha Amaro

Amaro Couselo hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Mtu mbaya ukisikia kafanya ubaya, unasonya na kuendelea na shughuli zako. Huyu alikuwa mtu wa kupanda juu ya paa la jirani mvua ikinyesha, akaziba panapovuja, kisha akakataa hata kahawa.

Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyekuwa na kipimo. Ni kidude cha kushika mkononi kama tochi: unadondoshea kioo chake maji ya zabibu, unakielekeza kwenye mwanga, unachungulia na kusoma namba ya utamu. Nyumba tano za mtaa wake huchumiana zabibu kwa zamu, wote shamba hili leo, wote lile kesho, na zamu hupangwa kwa namba hiyo. Mwenye utamu mwingi huchumiwa kwanza. Hao wengine wangeweza kununua vipimo vyao, lakini vya nini? Amaro akishasema, imetosha.

Mwaka ule Septemba iliingia na ukungu wa baharini usiokubali kuondoka hadi saa tano. Alhamisi redio ikatangaza dhoruba, itafika Jumamosi. Ilibaki siku moja ya kuchuma, na mashamba mawili, kila moja kazi ya kutwa: la Amaro mwenyewe, na la Shangazi Dosinda, mjane wa miaka sabini na tisa, aliyepanda mizabibu yake pamoja na marehemu mumewe.

Za kwake Amaro alikuwa amezipima asubuhi. Kumi na mbili. Mchana akaenda kwa Dosinda, akaminya zabibu, akachungulia. Kumi na mbili na nusu. Akafuta kioo kwa shati, akachungulia tena. Namba ni ile ile.

"Ngapi, mwanangu?" Dosinda aliuliza.

Na hapo, jamani, uongo ukamtoka laini kama salamu. "Kumi na moja, Shangazi. Bado hizi. Zipe mpaka Jumatatu."

"Na mvua je?"

"Aa, maneno ya redio hayo. Itapita kando."

"Haya. Wewe ndiye unayeona."

Ijumaa wakachuma kwa Amaro. Wa kwanza kufika alikuwa Dosinda, mkasi mfukoni mwa aproni. Huku mizabibu hutandazwa juu ya nguzo za mawe ili upepo wa bahari upite chini, kwa hiyo mtu huchuma mikono ikiwa juu kutwa nzima. Bibi yule hakushusha mikono yake ila kumchokoza jirani yao Xenxo.

"We Xenxo, kreti moja saa nzima? Unachuma au unazibariki?"

"Nazibembeleza, Shangazi, kama nilivyombembeleza mke wangu."

"Ndiyo maana alikuzungusha miaka tisa!"

Wakacheka wote. Amaro naye akacheka, kisha akahamia safu ya mbali.

Mvua ikaja Jumamosi kama ilivyosemwa, ikanyesha siku tatu. Jumanne walipoingia kwa Dosinda, kuvu ya kijivu ilikuwa imejaa ndani ya vishada. Ukigusa, zinakupasukia mkononi. Shamba la kreti tisini likatoa kreti kumi na moja. Tangu Jumamosi Amaro alikuwa akijiambia nitamwambia leo, na kila leo ilipata kisingizio chake. Akisema, jina la miaka ishirini na sita limekwenda. Asiposema, mama wa watu atazikwa na kosa lisilo lake.

Mwenye shamba huwalisha wachumaji, hata shamba likiwa limeoza. Dosinda alikuwa amepika pweza, akamimina mvinyo wa mwaka jana kwenye vibakuli vyeupe. Kabla hawajagusa chakula, akasimama.

"Nisameheni," alisema, akivuta vuta aproni. "Nimewapotezea siku, mmekuja kuchuma uozo. Nilichelewa kupunguza majani, ndiyo maana hazikuiva mapema. Uzee huu, jamani."

Loo! Anayeombwa radhi ni nani? Uso wa Amaro ukamwaka mpaka masikioni. Alitamani ardhi ipasuke.

"Kaa, Shangazi," akasema. "Zilikuwa kumi na mbili na nusu."

"Nini?"

"Alhamisi ile. Nilikudanganya. Nilitaka zangu zichumwe kabla ya mvua."

Mkewe, Hermitas, akaziba mdomo kwa kitambaa. Amaro akangoja matusi. Aliyataka, yangempa nafuu.

Dosinda akakaa taratibu. "Ijumaa asubuhi nilizionja," alisema. "Kabla sijaja kwako. Zilikuwa tamu. Nikajiambia, Dosinda, ulimi wako umekufa, kipimo cha Amaro hakikosei. Tangu siku hiyo natia chumvi kwa wasiwasi. Hata huyu pweza, nimemwomba mkeo anionjee."

Akachukua kipande, akakitafuna polepole, watu wote wakimtazama mdomo.

"Kumbe chumvi iko sawa," akasema, na machozi yakamlengalenga.

Xenxo akakohoa. "Mwakani, Shangazi, uje unionjee na za kwangu."

"Na zetu," akasema wa upande wa pili wa meza.

Kipimo kilikuwa mfukoni mwa shati la Amaro. Hakuna aliyekiulizia. Dosinda akapakua pweza, akajaza sahani, akaisukuma mbele ya Amaro kama alivyowasukumia wengine.

"Kula, Amaro. Kinapoa."

Hakumwita mwanangu.