Dobi, Fundi Saa na Ubishi wa Nahodha

Mume wangu ni dobi, na mtaa mzima unamwita hivyohivyo, Dobi, hata mimi nikikasirika. Akipiga pasi shati anaanza na kola, kisha mabega, kisha mikono, na ole wako umwambie aanze kwingine. Ni mbishi, jamani. Katika miaka ishirini na mbili ya ndoa nilikuwa sijamsikia akisema "nimekosea". Akikosea hujikohoza, basi, nami nimejifunza kuhesabu vikohozi.

Mkabala na duka letu, hatua kumi na nne kuvuka barabara, ndipo anapokaa mdogo wake, shemeji yangu, fundi wa saa. Tumbo moja, ziwa moja, kichwa kigumu kimoja wamegawana nusu kwa nusu. Walikuwa hawasemeshani mwaka wa sita huo, kisa saa ya ukutani ya marehemu baba yao. Saa ilikuwa ukutani kwetu, juu ya meza ya pasi. Siku moja ikasimama. Shemeji akaichukua akaitengeneze, akarudi mikono mitupu na kusema, "Kaka, ni mvuke wa pasi yako umeitia kutu." Mume wangu akaruka: "Mvuke gani? Umeiua wewe na mabisibisi yako!" Maneno yakazaa maneno, mlango ukabamizwa, na tangu siku hiyo mmoja akitoka kufagia mbele ya duka mwenzake anaingia ndani.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi nimelima miaka sita, mgongo wote unaniuma.

Sasa, mwaka jana maktaba ya mtaa ikaanza kupata vile vitabu vitatu, kimoja baada ya kingine. Vinene, kila kimoja ungeweza kukizuilia mlango, vimetafsiriwa kutoka Kichina. Habari yenyewe ni ya meli ya angani kubwa kama mji, imebeba bahari nzima inaipeleka kwenye dunia isiyo na maji. Safari ya miaka mia tatu. Watu wanazaliwa humo na kufa humo, ila Nahodha analazwa kwenye barafu na kuamshwa kila panapotokea shida, ndiyo maana yumo tangu kitabu cha kwanza hadi cha tatu.

Mtaa ulipagawa. Majina ya Kichina yalitupiga chenga, kwa hiyo tukawabatiza wenyewe: mhandisi mmoja akawa Mzee Betri, mpelelezi akawa Panya wa Bomba. Mwuza dawa alisoma kitabu cha kwanza kwa siku tatu akafunga duka akalala. Mwalimu mstaafu alilalamika kwamba hesabu za ukurasa wa mia mbili haziingii, akaenda kuzikokotoa upya, akarudi ameshika kichwa, zinaingia. Mume wangu alikipenda kwa sababu ya maji. "Hawa watu wanajua thamani ya ndoo moja," alisema. Watu wa melini walipopasua tangi na bahari ikaanza kuvuja, alishika pasi kwa mkono mmoja na kitabu kwa mkono wa pili, akaunguza suruali ya bwana harusi. Kikohozi kimoja.

Na shemeji? Yeye alikipenda kwa sababu saa za melini zinakwenda polepole kuliko saa za nyumbani. Nimejuaje, na hatusemeshani? Kwa vikaratasi.

Maktaba ilikuwa na nakala moja tu ya kila kitabu. Mume wangu akirudisha, shemeji anaazima. Akirudisha shemeji, mume wangu anakwenda kukiazima tena, eti kuna mahali hakuelewa. Siku moja nafungua nikakuta kikaratasi chetu cha namba, kile tunachobania kwenye nguo za wateja, mwandiko wa mume wangu: "Nahodha ni mwanamume wa shoka." Chini yake, kwenye kikaratasi cha kaki kinachofungiwa saa: "Mwanamume yupi? Nahodha ni mwanamke. Soma vizuri."

Hapo ndipo ubishi ulipoanzia. Lugha yetu haina haja na mambo hayo: mwanamume akija, amekuja, mwanamke akija, amekuja. Mfasiri aliandika "Nahodha akaamka, akavaa koti lake, akacheka", nasi tukaachwa tuchague. Hakuna hata mmoja aliyegundua kuwa amechagua, mpaka vikaratasi vile.

"Amebeba mtambo begani. Mwanamume," aliandika wangu.

"Mkeo anabeba kapu la mashuka mabichi kila siku. Ni mwanamume?" alijibu shemeji. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Walijua wanamwandikia nani? Walijua sana! Vikaratasi vyenyewe vinapiga kelele. Lakini walijitia hamnazo, nasi mtaa mzima tukajitia hamnazo pamoja nao. Mkutubi, mwanamama mjanja yule, hakutoa kikaratasi hata kimoja. Kitabu cha pili kilivimba mpaka kikakataa kufungika.

Kimoja tu ndicho mume wangu alichokitoa kitabuni. Aliandika, "Nahodha hajalia hata mara moja, vitabu viwili. Mwanamke gani huyo?" Jibu lilikuja fupi: "Mama alilia lini?"

Alikisoma, akakikunja, akakitia mfuko wa shati. Siku ile alipiga pasi bila redio. Mama mkwe aliwalea wawili wale peke yake baada ya mzee kufariki, anaamka wa kwanza, anakula wa mwisho, na chozi lake hatujaliona.

Kitabu cha tatu kilipofika, mume wangu alikuwa mlangoni kwa mkutubi kabla hajafungua. Alikisoma siku tisa. Siku ya kumi, mchana kweupe, nikasikia pasi inawekwa chini taratibu. Nikamkuta ameketi juu ya kapu la nguo za watu, kitabu wazi magotini. Meli imefika. Kitoto kilichozaliwa safarini kinamvuta Nahodha koti na kuuliza: "Bibi, tumefika?"

Bibi. Basi. Mwaka mzima wa ubishi umemalizwa na neno la mtoto.

Unadhani alikirudisha? Thubutu! Wiki mbili zikapita, ya tatu ikaingia, mkutubi akaja mwenyewe. "Dobi, kitabu." "Sijamaliza, mama, macho yananisumbua." Macho! Nilimwona akiandika vikaratasi na kuvichana. Kimoja kilisema "Hongera." Kingine kilisema "Mfasiri kakosea." Nikashindwa kuvumilia.

"Baba watoto," nikamwambia, "hicho kitabu atakisoma tu. Atalikuta hilo neno. Na atajua wewe ulilikuta kabla yake ukalikalia. Sasa chagua, umwambie wewe au aambiwe na mtoto wa melini."

Alikohoa. Mara tatu, sijawahi kusikia tatu. Kisha akavua aproni, akachukua kitabu, akavuka barabara. Nikamfuata nyuma, kwani mimi ni nani nikose hilo?

Shemeji alikuwa ameinama, kioo chake jichoni, saa ya mkononi imefumuliwa mbele yake. Aliinua kichwa. Mume wangu akaweka kitabu mezani, polepole, asije akapeperusha vile visukurubu.

"Ni mwanamke," akasema.

"Nilikwambia."

"Ulisema kweli." Akakisukuma kitabu kwake. "Na saa ya baba ni mvuke. Niliona kutu siku ileile tulipoishusha ukutani. Nimekosea, mdogo wangu."

Nilishika fremu ya mlango. Shemeji akatoa kioo jichoni, akainama chini ya meza, akaibuka na kitu kimefungwa kitambaa. Akakifungua. Saa ya baba mkwe, imesuguliwa, inapiga tik, tak.

"Inatembea mwaka wa tano sasa, kaka," akasema. "Naitia ufunguo kila asubuhi. Saa haikunishinda. Kilichonishinda ni kuvuka hii barabara."

Hapo wakashikana, watu wazima na mvi zao, wakalia na kucheka kwa pamoja, na mimi nikilia kwa sauti kuliko wao. Mwuza dawa akatoka mbio akidhani kuna msiba.

"Ila inachelewa dakika tano kwa siku," shemeji akasema akijifuta pua.

"Kama za melini," mume wangu akajibu. "Hebu niambie, mpishi wa meli, yule mwenye mdomo, ni mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamume, bila shaka!"

"Bila shaka gani? Soma vizuri!"

Wakavuta viti. Nguo za wateja zilikuwa bado kambani na wingu linakuja. Wahenga walimaliza wenyewe: wakipatana, chukua kapu ukavune. Nikachukua kapu langu, nikaenda kuanua.