Faini ya Mwaka Ambao Mama Cheche Hakupata Kitu

Saa moja asubuhi, Mama Cheche amepiga goti mbele ya fremu ya dirisha, mashine ya kuchomelea ikinguruma pembeni. Leo anafanya kazi kwa hasira. Kila kiungo anachomaliza anakigonga kwa nyundo kama anakidai.

"Si kawaida yangu kununa," anamwambia mwandishi, akifuta jasho. "Lakini haya niliyofanyiwa, nikinyamaza nitapasuka."

Jina hilo alibandikwa na mafundi wenzake, wanaume watupu, alipoanza kazi hii akiwa msichana. Walimtania kwamba angekimbia cheche za kwanza. Wengi wao wameshaacha fani. Yeye ndiye mwenye karakana.

Mwaka juzi mumewe, fundi wa kuezeka, aliteleza juu ya paa, akaanguka na kuvunjika nyonga. Mama Cheche akafunga karakana. Alishinda wodini akimgeuza, akimwogesha, akimlisha. Aliuza mashine moja ili walipe upasuaji. Mwaka mzima hakutengeneza hata komeo.

Msimu wa kupeleka ritani ya kodi, ile taarifa ya mapato ya mwaka, ukaja, ukapita.

"Nilijua kodi ni ya aliyepata," anasema. "Mimi sikupata. Ningepeleka nini?"

Mapema mwaka huu shule ya jirani ilimchagua atengeneze madawati, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kushika. Kilibaki kitu kimoja tu: hati ya kuonyesha kwamba hadaiwi na ofisi ya kodi. Akanyimwa. Alikuwa na faini ya kuchelewesha ritani, na nyongeza iliyokuwa ikipanda kila mwezi. Jumla yake ilikuwa faida ya mageti matano.

"Na kodi yenyewe nadaiwa kiasi gani?" alimuuliza karani dirishani.

"Kodi hudaiwi, mama. Ni sifuri."

"Kwa hiyo mnanitoza kwa sababu sikuja kuwaambia kwamba sina kitu?"

"Ndivyo mfumo unavyosoma, mama."

"Huo mfumo una mume, mwanangu? Umewahi kushinda wodini?"

Foleni nzima iliangua kicheko. Karani hakucheka. Aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Hata mama yangu mzazi anadaiwa hiyo." Kisha akamwelekeza kwa mkuu wa kitengo, akaombe msamaha.

Mama Cheche alipeleka barua ya daktari na stakabadhi za hospitali. Ombi likakaa mezani mpaka shule ikachoka kusubiri, madawati akapewa fundi mwingine. Wiki iliyofuata majibu yakaja: nusu ya faini imefutwa, nusu alipe.

"Hiyo nusu ni ya kosa gani?" anauliza, sauti ikipanda. "Kama nina kosa, nina kosa. Kama sina, sina. Namba yangu ya simu waliipata kunitumia deni. Kunikumbusha, hawakuiona?"

Mumewe, ambaye sasa anatembea kwa gongo na kupaka mageti rangi akiwa ameketi, anajaribu kumpoza.

"Yameshapita hayo, mke wangu."

"Yamepita wapi? Madawati yangu yako wapi?"

Mzee anarudisha brashi kwenye kopo. Baadaye, mkewe akiwa ndani, anamnong'oneza mwandishi: "Anasema kweli. Ila mimi najiona ndiye niliyemponza."

Nusu hiyo Mama Cheche ameilipa kwa mafungu, maana bila hati hapati kazi ya maana. Lakini amekata rufaa kwenye baraza la malalamiko ya kodi, na kikao ni mwezi ujao. Seremala wa mtaa wa pili na mshona viatu, waliokwama kwa faini kama yake, wamesema watafuatana naye.

Ritani ya mwaka huu ameshaipeleka, mapema kabisa, wasipate pa kumshikia.

"Siendi kubembeleza," anasema. "Nataka wanieleze, mtu mzima kwa mtu mzima, mwaka ule nilimwibia nani. Wakinikatalia, wanikatalie nikiwa nimesimama mbele yao."