Jina Nililolikataza Nyumbani

Siku ya kwanza ya kazi nilishika miguu. Chumba cha maombi kilikuwa cha mbao, juu ya mawe ya volkano kule Kibati, na mimi nilikuwa mubeba makaa, nimesoma mpaka darasa ya tatu primeri tu. Walileta mama mumoja aliyekuwa anajitupa chini. Pasta Mukubwa akanionyesha kidole: "Weye wa makaa, shika miguu, funga kinywa, fungua masikio." Yule mama alinipiga teke la kifua. Sikuachilia. Hivyo ndivyo nilivyoingia kazi ya kufukuza pepo, na hakuna kitabu kilichonifundisha.

Ninyi vijana mnaona leo mikrofoni na makelele, mnafikiri kazi ni sauti. Hapana. Kwanza tulikuwa tunauliza: mutu huyu amekula? Amelala? Amepita hospitali? Wengi walikuwa na malaria, tuliwarudisha kwa daktari. Kisha jina. Pepo bila jina haitoki. Unauliza mpaka inajitaja, ndipo unaiamuru iende. Na mwisho, ile wavivu wanasahau, ni kufunga nyumba: jina lile halitajwi tena mule ndani, hata kwa utani, maana kulitaja ni kufungua mulango.

Kazi hii ilitoka wapi? Pasta Mukubwa alisema kwa Yesu na wale nguruwe. Ni kweli. Lakini nyanya yangu, mama ya baba, kule Masisi, aliniambia kwamba wazee wao hawakuwa na haraka ya kufukuza. Waliiuliza roho kwanza: unatafuta nini? Mara ingine ilikuwa ya mufu wa jamaa, na alitaka tu kukumbukwa. Nilimuelezea Pasta Mukubwa. Alicheka mpaka akashika tumbo.

"Nyanya yako alikuwa anapikia mwizi chai!"

Nikacheka naye.

Nilipanda cheo. Nikawa shefu wa ekipe, mukubwa wa kikundi cha waombaji, kule mutaa wa Himbi, kwenye nyumba za sakafu ya kung'aa, ambako matajiri walituingiza kwa mulango wa nyuma ili majirani wasione. Tulisemaga kwamba pepo za Himbi zinataka kwanza uzisalimie kwa Kifaransa. Zilitoka vilevile. Mimi wa ya tatu primeri, wenye diplome walinipigia magoti. Ninaandika hilo bila haya.

Kisha mutoto wetu wa pekee, Elie, akafa. Homa ya siku ine, basi. Muke wangu akaanza kuongea naye. Anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, anamupa habari za soko, halafu anajijibu kwa sauti ya Elie, ile nene, pamoja na kikohozi chake. Hakuanguka, hakupiga mutu. Alikula, alilala. Lakini majirani wakaanza: "Shefu wa mapepo, na kwako je?" Hiyo ilinichoma.

Nikamuweka mbele ya ekipe yangu, mule nyumbani kwetu, Jumamosi asubuhi. Nikauliza jina.

Akanitazama. "Unalijua. Ni weye ulimupa."

Nikauliza tena, kwa sauti ya kazi.

"Elie," akasema.

Nikaamuru. Alilia kidogo, akapanguza uso. Nikafunga nyumba: jina hilo lisitajwe tena.

"Hata nikikuita weye?" akauliza. Kwetu mwanamuke haiti bwana wake kwa jina lake. Tangu mutoto azaliwe, mimi nilikuwa Baba Elie.

"Hata mimi."

Kesho yake, kwenye chumba cha maombi, Pasta Mukubwa alinishika mabega. "Sasa umefika, shefu. Hukuogopa hata nyumba yako." Nilirudi nyumbani nimejaa sifa. Muke wangu alikaa miezi mitatu akiniita "weye", kisha akachukua nguo zake akaenda kwa kaka yake, kule Lac Vert.

Niliacha kazi magoti yalipokataa. Sasa ninapika peke yangu, ninakula nimesimama. Watu wananiita Muzee, Shefu, Pasta. Sitasema kazi ilikuwa ya uongo; niliona kwa macho yangu watu wakisimama na kurudi mashambani. Lakini siku ile nilimuuliza muke wangu jina nililolijua tayari. Alichokuwa anatafuta, sikumuuliza. Ninyi mnaoingia kazi hii, ulizeni.

Mwezi uliopita nilienda Lac Vert. Muke wangu alinipa kiti, akanimiminia chai. Nikamuambia: "Mama, ile neno langu nimeliondoa. Jina la mutoto, litaje tena. Niite, turudi."

Hakukasirika. Ningependa akasirike.

"Nimelitaja huku, siku nyingi," akasema. "Namuita, namungoja. Hajibu tena. Hata ile kikohozi, siwezi kuikumbuka." Akatazama mikono yake. "Ulifanya kazi muzuri, Shefu."

Akaniongezea chai, kama mugeni.