Mnaitukana finale ya malkia, mimi naishukuru kwa ajili ya mama mkwe wangu

Wakuu, sasa. Humu mimi ni wa kusoma tu, sijawahi kuanzisha uzi. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Kila nikifungua simu nakuta mtu anaitukana ile finale ya malkia na joka. Ati writers walikuwa wamelala. Ati season nzima ilikuwa bure.

Sitabishana na mtu. Nataka tu kuwaambia ilichonifanyia, na chumvi sijaongeza.

Mimi ni wa Kitale. Familia yetu ilitoka Central kitambo ikaja kulima mahindi huku. Mke wangu ni Mbukusu, kwao ni Kanduyi, hapo Bungoma.

Sasa kwao, mwanaume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hamshikani mkono, hamli pamoja, mkikutana kwa njia mmoja anapisha. Kwetu mama mkwe unapiga naye stori mpaka chai inapoa, kwa hivyo mwanzoni nilidhani huyu mama hanitaki. Kumbe ndio heshima yenyewe.

Halafu baba mkwe wangu akafariki.

Baada ya mazishi mama akanyamaza kabisa. Haongei na mtu. Chakula anaonja tu, anarudisha sahani. Mzee alikuwa ameacha ng'ombe mmoja wa maziwa, aliyempenda kuliko sisi wote, na mama hakutaka hata kumuona. Jirani ndiye alikuwa anakuja kukamua.

Mke wangu akahamia huko kumwangalia. Akinipigia simu ni kilio. "Baba Wekesa, mama anatuponyoka hivi hivi tukiona."

Nikawa naenda kila Jumapili, jioni narudi Kitale, kwa sababu kulala kwa wakwe pia haifai. Lakini ukifika utafanya nini? Kumpa pole uso kwa uso siwezi. Mimi niko sitting room, yeye yuko jikoni, katikati kuna pazia.

Nikaanza kubeba flash yenye hiyo series, ile DJ anatafsiri na kusimulia kwa Kiswahili juu ya picha. Ukweli usemwe, nilikuwa naua boredom tu.

Jumapili moja nikapunguza sauti nikidhani namsumbua. Nikasikia sufuria inagongwa na mwiko huko jikoni. Nikaongeza sauti. Sufuria ikanyamaza. Nilipomwambia mke wangu alicheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi.

Basi ikawa hivyo. Mimi natazama, mama anasikiza.

Siku ya finale mke wangu alikuwa ameenda soko. Kwa wale hawajaiona: mfalme amekufa, malkia amejifungia chumbani, hataki kula, hataki mtu. Nje maadui wamezunguka, na joka la mfalme limelala uwanjani likikataa chakula cha kila mtu. Malkia akasimama. Akashika kitasa cha mlango.

Stima ikapotea.

Wakuu, nilibaki nikikodolea TV macho. Halafu nyuma ya pazia nikasikia:

"Mkwe. Huyo mama ametoka?"

Miaka yote hiyo salamu za huyu mama nilikuwa naletewa na mke wangu. Hii sauti ilikuwa imekauka, lakini ilikuwa yake.

"Sijui, mama. Stima imeenda."

Nikadhani imeishia hapo.

"Atatoka," akasema. "Ng'ombe wa bwana yake hawezi kufa njaa na yeye yuko ndani."

Ati ng'ombe, bana. Yule DJ alikuwa anaita joka "mnyama wa mfalme" tangu episode ya kwanza, na mama hajawahi kuona picha. Vile lilikuwa linaruka na kutema moto, sijui alikuwa anaelewaje. Nilitaka kumrekebisha, nikajishika.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Kwa dirisha nikamuona akienda bomani na nyasi mkononi, nikageuza uso kwa heshima. Masikio sikuziba. Alikuwa anaongea na yule ng'ombe kwa Kibukusu, analia, anaongea tena. Na mimi pale kwa kiti, mwanaume mzima, machozi yananitoka.

Mke wangu aliporudi na kumkuta huko, alitupa mzigo chini akakimbia. Jioni hiyo mama alikula ugali, akaomba kuongezewa. Siku hizi anakamua mwenyewe.

Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani lile pazia linanizuia kumsaidia. Sasa naona mtu aliyefiwa wakati mwingine amechoka kuangaliwa usoni. Mimi ndiye mtu pekee ambaye hakuwa anamuangalia. Namshukuru Mungu, nawashukuru hao writers wenu, hata waliokata stima nawashukuru.

Mwisho wenyewe sijauona hadi leo, na sitaki. Kama malkia hakutoka, kaeni nayo hiyo habari.

Ila nisaidieni na hili. Nitajieni hapo chini series nyingine iliyotafsiriwa, iwe ndefu, iwe na wanyama. Mama ameuliza, na Jumapili ananingoja.