Ng'ombe wa Justa na Kura ya Mzee Mayala

Mzee Mayala alikuwa mshauri katika mahakama yetu ya mwanzo, njia ya kwenda Kisesa. Mimi nilikuwa karani. Siku za kesi alitoka Bujora kwa miguu, na kabla hatujaanza alikuwa hoi. Lakini kilichomchosha hasa ni ile sheria ya adhabu za lazima: mwizi wa ng'ombe, miaka miwili na viboko ishirini na vinne, nusu akiingia gerezani, nusu akitoka. Walioitunga, nadhani, hawakuwahi kushikishwa hiyo fimbo.

Mwaka 1970 akaja Justa, mjane. Alikuwa amempa jirani yake Ngosha ng'ombe amtunzie, naye anywe maziwa, kama Wasukuma wanavyofanya tangu zamani. Mke wa Ngosha alipougua, Ngosha akampeleka ng'ombe mnadani, akamuuza bila kuuliza. Mbele ya wazee wa kijiji angeamriwa kulipa mtamba, basi, yakaisha. Justa, masikini, alidhani mahakama ni baraza la wazee lililoezekwa bati. Akaja kushtaki ili alipwe.

Alipoambiwa habari za viboko, alilia. Akamfuata Mzee Mayala mlangoni. Haikuruhusiwa, ila nani angemfukuza?

"Shikamoo baba. Mimi nataka ng'ombe wangu. Sitaki mtu apigwe."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia."

Hakimu Mutayoba, kijana wa Bukoba, hakuficha kitu tulipokaa kuamua. "Mzee, mkisema ana hatia, mimi sina cha kupunguza. Sheria imeshapanga kila kitu."

Kura zilikuwa tatu, ya hakimu na za washauri wawili, na mbili zilitosha. Mzee Mayala akajifuta uso kwa kiganja. "Hakumuuza," akasema. "Hana hatia." Mshauri mwenzake akaunga mkono. Nikaandika. Sote tulijua ni uongo, na kusema kweli nilifurahi.

Nje, Justa alimsubiri Ngosha akitabasamu. "Jirani, pole na misukosuko. Sasa mtamba wangu utaniletea lini?"

Ngosha hakumtazama. "Mtamba gani? Mahakama imesema sikuuza ng'ombe wa mtu."

Akaondoka zake. Nilitamani nimkimbilie nimzabe kibao. Badala yake nikamwambia Justa kikarani kwamba anaweza kufungua kesi ya madai.

"Wapi?"

"Hapa hapa."

"Na watakaoamua?"

"Ni hao hao."

Akamgeukia Mzee Mayala, aliyekuwa ameegemea nguzo ya baraza. "Baba, ukiulizwa tena, utasema alimuuza?"

Mzee akajifuta tena uso kwa kiganja. Sijawahi kumwona amechoka vile.

"Mwanangu," akasema, "nimeshasema hakumuuza."