Kiti cha Kasuku

Mdogo wake ndiye aliyemtia majini. Wakati huo dada mtu alikuwa bado kwenye kiwanda cha mikate, akibeba magunia ya unga kutoka stoo hadi kwenye mashine ya kukandia. Alikuwa mrefu kiasi kwamba wenzake walimwita Mlingoti, jina ambalo mwishowe hata mama yake alilizoea. Mdogo wake, aliyeitwa Kasuku tangu utotoni kwa kupenda maneno, alikuwa mpiga makasia katika klabu ya pale bwawani. Msimu mmoja mwenzake wa boti akahama mji, na Kasuku akamwambia kocha, "Nina dada nyumbani. Mikono yake kama ngazi ya fundi umeme."

Kocha alikuwa mtu mfupi, mchoyo wa maneno, asiyetoa njiti ya kiberiti mdomoni. Alimkalisha Mlingoti kwenye mashine ya mazoezi, ile yenye kiti kinachoteleza na mnyororo wa kuvuta, akamwambia avute mpaka atakapomsimamisha. Hakumsimamisha. Mlingoti alivuta mpaka akaona giza, akaenda kutapika nyuma ya banda la boti. Aliporudi anajifuta mdomo, Kocha alimwambia, "Kesho asubuhi," akaenda zake.

Ikawa ndiyo maisha. Mpiga makasia huenda kinyumenyume. Anaona alikotoka, haoni aendako, na Mlingoti hakuona tabu kwa hilo. Viganja vilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, yakageuka sugu ngumu kama soli ya kiatu. Mama yao, fundi cherehani, alisema alidhani amezaa mabinti, kumbe analisha kikosi cha jeshi. Ndugu hao walikuwa chanda na pete: wakitoka pamoja alfajiri, wakirudi pamoja, Kasuku akiongea njia nzima na Mlingoti akiitikia "mh". Wote wawili waliingia timu ya taifa. Vikombe walivyoleta nyumbani mama alivitia vifungo na zipu.

Kisha ikaja michezo ya dunia. Boti iliyofuzu ilikuwa ya watu wanne. Viti vitatu vilikuwa na wenyewe. Cha nne kilikuwa cha Kasuku, lakini mwaka ule Mlingoti alikuwa amepanda kama maji ya mvua, na Kocha hakutaka kubahatisha.

Mtihani wake ulikuwa mwepesi kuueleza. Boti mbili za watu wanne zingeshindana bega kwa bega. Halafu, palepale majini, dada na mdogo mtu wangebadilishana boti, na mbio zirudiwe. Yule ambaye boti yake ingeongoza kila alipoingia ndiye angesafiri.

Mbio za kwanza, boti ya Mlingoti iliongoza. Wakazisogeza boti zikagusana, wenzao wakazishikilia kwa makasia zisitikisike. Ndugu wawili wakainuka, kila mmoja akivuka kwenda alikotoka mwenzake. Boti zile ni nyembamba, hazitaki mzaha. Mguu wa Mlingoti uliteleza, na Kasuku akamdaka kiwiko, akamshikilia mpaka akaketi vizuri.

"Uko sawa, dada?"

"Niko sawa."

Wakaanza tena. Mlingoti alivuta kama alivyovuta siku zote. Katikati ya njia aliuona mgongo wa mdogo wake kule kwenye boti ya pili, ukijikunja na kujikunjua, ukianza kubaki nyuma. Alijua kinachotokea. Alingoja uchungu, au hata furaha, maana alikuwa anashinda. Hakikuja kitu. Miguu ilisukuma, mikono ikavuta, na boti aliyoingia ikatangulia.

Ufukweni Kocha alitoa njiti mdomoni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. "Mlingoti," alisema, akairudisha.

Kasuku alichukua sponji akaanza kuosha boti. Mlingoti akashika upande wa pili. Waliosha mpaka ikang'aa, na kwa mara ya kwanza walirudi nyumbani kimya. Mama aliwatazama mlangoni, akaelewa. "Atakayekwenda ni mmoja," alisema, akirudi kwenye cherehani yake. "Wa kuwapakulia chakula ni wawili. Kanaweni mikono."

Kule kwenye michezo boti yao ilishika nafasi ya tatu. Wenzake watatu walilia kwa kwikwi jukwaani. Mlingoti aliinamisha kichwa avishwe medali, akaangalia viatu vya mvishaji. Kamba ya kimoja ilikuwa imelegea, akafikiri huyu bwana atajikwaa. Kasuku alipopiga simu, sauti imemkauka kwa kushangilia, Mlingoti alimjibu, "Asante. Tumefika salama." Alijisikia kama mtu aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi: wake ni wake, lakini ukiugusa ni kama wa jirani.

Aliendelea miaka mingi baada ya hapo. Mwili ulijua kazi, naye hakuwa na sababu ya kuukataza. Ubavu ulipopata ufa, ukapona, ukapata ufa tena, daktari wa timu alisema basi, naye akasema basi. Siku hizi anafundisha wasichana palepale bwawani, na wanasema hagombi wala hasifu.

Kasuku hakupiga kasia tena tangu mwaka ule. Alipata kazi redioni, anakolipwa kwa lile alilokuwa akikatazwa shuleni, akaolewa, akapata watoto wanaomwita Mlingoti mama mkubwa na kumparamia kama mnazi. Kila Jumapili Mlingoti huenda kwake, na Jumapili moja ndugu hao walikuwa uani wakianua nguo.

"Nililia wiki nzima, ujue," Kasuku alisema ghafla. "Mwaka ule wa mtihani. Nilikuwa najifungia bafuni, nafungulia bomba. Mama hakukwambia?"

"Hapana."

"Nilikuchukia mpaka Alhamisi hivi. Halafu nikachoka." Akacheka kidogo. "Na wewe? Ulijisikiaje?"

Mlingoti alitoa vibanio kwenye shuka. "Sikusikia kitu."

"Hata ulipovishwa medali?"

"Hata hapo. Nilikuwa naangalia kiatu cha mtu."

Kasuku alitupia begani nguo alizoshika. "Na sasa?"

"Siku nyingi hivyo hivyo. Watoto wako wakiniparamia, kidogo nasikia."

Ndani mtoto mmoja alikuwa akimsingizia mwenzake jambo. Kasuku hakugeuka. Alishika ncha mbili za shuka, akarudi nyuma hatua chache hadi ikakaza baina yao.

"Basi utakuwa unakuja na Jumatano," alisema. "Vuta upande wako, dada, ina mikunjo."

Mlingoti akavuta.