Shemeji Ameshika Kompyuta ya Marehemu, Mimi Nimeshika Neno la Siri

Kamembe, Jumatano

Dada Admin,

Naomba ufiche jina langu, na la marehemu mume wangu pia. Nina miaka thelathini na sita. Nilizaliwa Bukavu, Kongo, nikaolewa huku Rusizi, Rwanda, naishi Gihundwe na nauza sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, sokoni Kamembe. Shule niliishia ya msingi, kwa hiyo mnivumilie nikieleza mambo ya kompyuta. Nayaeleza jinsi mume wangu alivyonieleza.

Alifariki mwaka huu. Asubuhi alilalamika kichwa kinamuuma, jioni akawa hayupo. Mpaka leo nikila sambaza naweka vichwa pembeni ya sahani, kwa sababu yeye ndiye aliyevipenda.

Yeye na rafiki yake wa Bukavu walikuwa wanatengeneza mfumo endeshi mdogo wa kuamsha kompyuta kuukuu ambazo shule zimezisahau stoo. Sehemu yake ilikuwa programu inayosoma maagizo aliyoandika mwanafunzi na kuyatekeleza mstari kwa mstari. Mwanzoni ilifanya jambo moja tu kwa wakati. Akaigawa iwe na nyuzi, ndivyo alivyoziita, uzi huu ukifanya kazi hii na ule ukifanya nyingine. Lakini nyuzi mbili zikigusa kitu kimoja kwa pamoja zinakiharibu, kwa hiyo akaweka kufuli: uzi mmoja unaingia, nyingine zinasubiri mlangoni.

Basi ikaanza kuganda. Nilimuuliza kwa nini, akaja jikoni akanyakua sufuria.

"Maman, shika mbabula."

Nikalishika jiko la makaa, halijawashwa bado.

"Sasa pika."

"Nipe sufuria."

"Nipe mbabula mbele," akasema, yaani kwanza.

Tukasimama hivyo, yeye amekumbatia sufuria kama mtoto mchanga, mpaka nikacheka nikakaa chini. Akasema nyuzi zake ndivyo zinavyofanya: kila mmoja ameshika kimoja, anasubiri cha mwenzake, na hakuna atakayekula. Dawa ni wote waanze na mbabula, halafu sufuria. Akatafuta mahali ambapo mpangilio ulikuwa umepinduka, akapaona, akapanyoosha. Wiki ile ile akafa, kabla hajamtumia rafiki yake. Masahihisho hayo yamo ndani ya kompyuta yake, hayako mahali pengine.

Siku ya kumaliza matanga, ndugu walikaa kugawana vitu vyake kama ilivyo desturi. Kaka yake mkubwa alipewa koti na viatu. Kisha akainuka, akachomoa kompyuta ukutani.

"Papa, ile iache," nikamwambia. "Njo kazi yake."

"Kazi gani? Weye umesoma nini? Si unauzaka sambaza?"

Watu wakacheka, kwenye matanga. Mama mkwe wangu akamalizia bila hata kunitazama: "Mutoto wangu alioaka machine. Weye ulikuwa mupangaji tu."

Alipofika kwake akakuta kompyuta inadai neno la siri. Neno hilo mume wangu aliniachia kwa mdomo, mimi peke yangu. Tangu hapo shemeji anakuja sokoni, anasimama mbele ya meza yangu hata wateja wanapita pembeni.

"Leta code."

"Rudisha machine, nitaifungua mu macho ya batu bote."

"Code mbele, njo machine."

Amepata mtu wa kuinunua ile kazi, na amesema wazi kwamba jina litakalokaa juu ni lake. Mume wangu aliandika jina lake mwanzoni mwa kila ukurasa wa kazi ile. Nilimuuliza shemeji atalipeleka wapi. Akasema, "Mufu atafanya nini na jina?"

Mimi si mtu wa kelele, lakini siku hiyo nilimjibu, "Na weye ulikuja kumuangalia siku gani?" Akalipiga teke beseni langu. Nikaokota sambaza kwenye vumbi, wenye moto, waendesha pikipiki, wakitazama. Hakuna aliyeinama. Nilienda kwa kiongozi wa mtaa wetu, akasema hayo ni ya familia, tukapatane.

Jana amerudi na neno moja tu. "Kama haunipe code, dimanche kisha misa nitafuta byote. Nitatiamo miziki ya batoto." Yaani Jumapili hii, baada ya misa.

Rafiki wa Bukavu ananisihi nitoe. Anasema kompyuta za shule bado zinaganda, na kazi ikitoka kwa jina la mwizi ni heri kuliko isipotoka. Sijui kama ni kweli. Nikitoa, jina la mume wangu litafutwa na shemeji atatembea Kamembe akipongezwa. Nikikataa, jina litafutwa pamoja na kazi yenyewe, na ile siku aliyokumbatia sufuria itakuwa ya bure.

Mume wangu alinifundisha na jambo la mwisho. Mpangilio ukishindikana kabisa, uzi uliosubiri sana lazima uachie ulichoshika, urudi nyuma, uanze upya. Aliweka hilo ndani ya programu. Sikumuuliza yule anayeachia kwanza anabaki na nini, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Najua wengine mtanitukana, mtasema mjane wa Kikongomani anang'ang'ania chuma. Tukaneni, lakini mniambie pia la kufanya. Dimanche iko karibu. Niachie, au nishike?

Jina lake ndilo ninalolipigania, na hapa mimi mwenyewe nimeomba lifichwe. Basi mkumbukeni bila jina: alikuwa mtu wa Gihundwe, alipenda vichwa vya sambaza. Na mimi mnikumbuke.